Uraibu wa tramadoli na kodeini: nyumbani, wodini, soba au kliniki ya methadoni?

Mtu aliyenasa kwenye dawa za maumivu mara nyingi hafanani na mraibu tuliyezoea kumwona mtaani. Ni mwalimu aliyepasuliwa mgongo, dereva wa bodaboda aliyevunjika paja na kuwekewa vyuma, mama aliyejifungua kwa upasuaji, muuguzi anayeshika funguo za kabati la pethidini. Alianza kwa cheti cha daktari. Miezi imepita, maumivu yamepungua au yapo palepale, lakini dozi imepanda, na siku akiikosa dawa anatoka jasho, anaharisha, viungo vinamuuma na usingizi haumjii. Familia ikishajua, swali la kwanza huwa moja: tumpeleke wapi?

Nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya famasi, na nimeona familia nyingi zikichagua kwa kutazama ada, umbali na ulinzi wa getini. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini swali ninaloona linaamua zaidi ni hili: mahali hapa pana mpango gani kwa siku ya kumi na moja, arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, ikishakwisha? Hapo ndipo njia zinapoachana kweli, na ndipo watu wanapopoteza maisha. Kwa hiyo nitazilinganisha njia tulizo nazo Tanzania na Kenya nikilishika swali hilo, na pale ninapoegemea upande nitasema.

Kwanza jua anameza nini

Tramadoli, kodeini, pethidini na mofini zote ni za jamii moja, ile ya opioidi, jamii moja na heroini. Hata hivyo hazimuachi mtu kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoanza kuamua aende wapi.

Tramadoli ina tabia mbili ndani ya kidonge kimoja. Inafanya kazi kama opioidi, na papo hapo inachezea kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, kama zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona. Ndiyo maana anayeiacha ghafla anaweza kupata mambo ambayo mtu wa heroini hayapati kwa kawaida: hofu kali isiyo na sababu, kuona au kusikia visivyopo, kuhisi ganzi na michomo mwilini. Familia nyingi hudhani karogwa au kapata wazimu. Halafu kuna kuanguka kama mwenye kifafa. Kiwango cha juu cha tramadoli kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kadiri anavyopita hapo ndivyo hatari ya kuanguka inavyoongezeka, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani.

Kodeini yenyewe ni hafifu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini. Wapo watu ambao ini lao huigeuza haraka kupita kiasi, na kwao dozi ya kawaida inaweza kusimamisha pumzi. Kutokana na hatari hiyo, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kuwapa watoto chini ya miaka 12. Lakini kwa mraibu mtu mzima, kinachonitisha zaidi ni kile kilichochanganywa nayo. Vidonge vingi vya kodeini vina parasetamoli ndani yake. Mtu anayemeza vidonge 20 kwa siku vyenye miligramu 500 za parasetamoli kila kimoja anaingiza gramu 10, wakati kikomo ni gramu 4. Ini linaweza kuharibika kabisa huku yeye akihesabu kodeini tu. Vilivyochanganywa na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuchosha figo. Mtu wa aina hii apimwe ini, figo na wingi wa damu kabla hajaingizwa kituo chochote, na kipimo hicho hospitali ya wilaya inakiweza.

Pethidini ni ya sindano, na kwa kawaida huwanasa wanaofanya kazi karibu nayo. Huyu ana hofu nyingine: leseni na ajira. Kwake usiri wa kituo si anasa.

Sasa swali linalosahaulika kuliko yote: anachanganya na nini? Ukisikia diazepamu au dawa nyingine ya usingizi ya jamii hiyo, au pombe ya kila siku, hesabu inabadilika. Arosto ya opioidi inatesa, lakini peke yake ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya anayepata maji ya kutosha. Kuacha ghafla pombe au diazepamu kunaweza kumuua mtu. Wanaochanganya sharti waanzie hospitali, hata kama mtaani kwenu kuna kituo kizuri cha aina nyingine.

Nyumbani au kulazwa

Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, kama tramadoli na kodeini za kawaida, arosto huanza ndani ya saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kali yake hupita ndani ya siku 5 hadi 10. Kukosa usingizi na kukata tamaa huendelea kwa wiki nyingi zaidi.

Njia ya nyumbani ninayoizungumzia si ile ya kutupa dawa chooni na kumfungia mtu chumbani. Ni kupunguza dozi polepole chini ya daktari, mgonjwa akiendelea kulala kitandani kwake na, mara nyingine, akiendelea kwenda kazini. Daktari anapanga hatua, kwa mfano kupunguza sehemu moja ya kumi ya dozi kila baada ya wiki kadhaa kwa aliyetumia muda mrefu, na mtu mmoja wa familia ndiye anayeshika dawa na kumpa za siku hiyo tu. Uzuri wake ni mwingi: gharama ndogo, aibu ndogo, mwili hauumizwi. Ubaya wake ni kwamba inahitaji dawa itoke sehemu moja. Kama anaweza kuvuka barabara akaingia famasi nyingine na kusema, "Dada, nipatie zile za mgongo, za mia," na akapewa bila cheti, mpango mzima unamwagika. Nayasema haya kama mtu wa famasi, kwa uchungu: tramadoli ni dawa ya cheti, na kila mmoja wetu anayeiuza bila cheti anavunja matibabu ya mtu fulani asiyemjua.

Kulazwa kunafaa kwa wanaochanganya, waliowahi kuanguka kifafa, wanaoona visivyopo, wenye mawazo ya kujiua, wagonjwa wa moyo au ini, na wanaotumia dozi kubwa mno. Wodini anapewa maji na chumvi za kuzuia upungufu wa maji, dawa za kuharisha na kutapika, na mara nyingi klonidini, inayotuliza jasho na wahaka lakini inashusha presha, hivyo lazima presha ipimwe. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe pamoja na kituo chake cha Itega kinachoshughulika na uraibu. Unguja kuna hospitali ya Kidongo Chekundu. Nairobi kuna Mathari. Wapo wanaokataa kwa sababu ya majina hayo, wakiogopa kuitwa vichaa. Naielewa hofu hiyo. Ila daktari wa akili ndiye mwenye mafunzo ya uraibu kuliko wengine wote hospitalini, na mgonjwa hulazwa siku chache, kisha anarudi kliniki kama mgonjwa wa nje.

Kwa hiyo anayetumia tramadoli peke yake ndani ya miligramu 400, ana mtu wa kumshikia dawa, na hajawahi kuanguka, ningemwanzishia nyumbani. Aliyezidi hapo kwa kiasi kikubwa, au anayechanganya, wodini.

Siku ya kumi na moja

Hapa nataka tukae, maana hapa ndipo pesa nyingi za familia zinapopotea.

Watu wengi wanaamini tatizo ni sumu iliyo mwilini, na ikitoka mtu amepona. Kule Marekani ulifanyika utafiti juu ya watu walionasa kwenye dawa za maumivu za cheti, si heroini, ukahusisha watu 653, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Kwanza walipewa buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa opioidi, wakapunguziwa hadi kuacha ndani ya wiki nne. Waliofanikiwa walikuwa kama 7 kati ya kila 100. Walioshindwa wakarudishwa, wakapewa buprenofini kwa wiki kumi na mbili mfululizo, na wakiwa bado wanaitumia karibu nusu yao walikuwa wakiendelea vizuri. Dawa ilipopunguzwa na kusimamishwa, wiki nane baadaye waliobaki imara walikuwa kama 9 tu kati ya 100. Ushauri nasaha wa ziada haukubadilisha picha hiyo. Habari njema ilikuja baadaye: walipofuatiliwa miaka mitatu na nusu tangu kuanza, zaidi ya nusu ya waliopatikana walikuwa hawatumii tena, baadhi wakiwa bado kwenye matibabu na wengine wakiwa wameshamaliza. Watu wanapona. Ila wiki nne haziwatoshi.

Na kuna hatari ambayo ndugu hawaambiwi. Mwili uliozoea vidonge 15 kwa siku unaupoteza uzoefu huo ndani ya wiki chache za kuacha. Akirudi nyumbani, siku mbaya ikamkuta, akameza dozi yake ya zamani, pumzi inaweza kusimama usingizini. Ndiyo maana siku za hatari zaidi ni zile za kwanza baada ya kutoka kituoni, wakati familia inasherehekea. Kituo chochote kinachomtoa mtu bila kuwaeleza ndugu jambo hili, na bila kumpangia tarehe ya kurudi, hakijamaliza kazi yake.

Basi baada ya arosto, njia kubwa mbili ndizo zinazogombaniwa: nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi tunaziita soba, na matibabu ya dawa ya muda mrefu.

Soba na kliniki ya methadoni

Soba zilishika mizizi mapema Zanzibar, zikasambaa Dar es Salaam, Tanga na kwingineko. Mraibu anaishi humo miezi kadhaa pamoja na wenzake, kwa ratiba ya usafi, mikutano na hatua kumi na mbili za kupona zinazofuatwa na vikundi vya waraibu, na mara nyingi wasimamizi wenyewe ni watu waliopona. Nguvu yake ni hiyo. Mtu aliyejiona peke yake duniani anakaa mezani na anayemjua ndani nje, asiyemdanganya na asiyeweza kudanganywa. Vilevile anatolewa kwenye mtaa wenye dawa. Kwa kijana aliyepoteza kila kitu, ambaye nyumbani hakuna pa kurudi, soba nzuri ni msaada mkubwa.

Udhaifu wake ni kwamba nyingi hazina daktari wala muuguzi wa kudumu, na nyingi zinakataa dawa za aina yoyote, ikiwemo methadoni, dawa ya kutibu uraibu ambayo nayo ni opioidi, kwa imani kwamba kupona ni kuwa bila dawa kabisa. Mgonjwa wetu wa tramadoli anayehitaji kupunguziwa dozi hapati hilo pale. Anaachishwa siku moja. Akianguka kifafa usiku, nani yupo? Na yule mwenye maumivu ya kweli ya mgongo anaambiwa maumivu yake ni kisingizio. Kuna pia suala la ukatili. Mahali popote panapofunga watu minyororo, panapochapa, panapozuia ndugu kuwaona, muondoe mgonjwa wako siku hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, uliza kituo kinatambuliwa na nani. Tanzania Bara anayesimamia ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ile tunayoijua kama DCEA. Zanzibar ina mamlaka yake. Kenya ni NACADA, inayotoa vibali kwa vituo vya urekebishaji na kuweka wazi majina ya vilivyoidhinishwa. Uliza pia daktari anakuja lini, hospitali ya rufaa yao ni ipi, wanafanya nini mtu akiugua usiku, na mtu akirudia kutumia anafukuzwa au anasaidiwa. Swali hilo la mwisho linakueleza mengi kuliko maneno yote ya matangazo.

Kliniki za methadoni, au MAT kama wafanyakazi wanavyoziita, ni za serikali na huduma ni bure. Ya kwanza Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani: Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na kwingine. Kenya ilianzia Mathari Desemba 2014, ikaja Malindi na vituo vingine vya Pwani. Mgonjwa anakunywa dozi ya maji mbele ya mfamasia, kila siku, zikiwemo sikukuu. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo inaondoa arosto na tamaa bila kumpandisha na kumshusha. Anaweza kufanya kazi, kulea, kusoma.

Nasikia mara nyingi kwamba huko ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, mengi yakihusu watumiaji wa heroini, yalionesha vifo kama 11 kwa mwaka kwa kila watu 1,000 walio kwenye methadoni, na kama 36 kwa walioiacha. Kwangu mimi tofauti hiyo inamaliza ubishi. Mgonjwa wa kisukari hatumlaumu kwa kuishi na insulini.

Lakini je, kliniki hizi zinamfaa mtu wa vidonge? Hapa sitaki kupendezesha mambo. Zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, hasa wanaojidunga, na utaratibu wao wa kupokea watu unafuata hilo. Mwalimu wa tramadoli akifika atakuta foleni ya watu ambao maisha yao hayafanani na yake, na huenda akaona aibu kusimama pale. Kuna tatizo la kipimo pia: kipande cha kawaida cha kupima opioidi kwenye mkojo hukamata mofini, kodeini na heroini, lakini hakioni tramadoli. Mtu anaweza kuwa anameza kapsuli 20 kwa siku na kipimo kikasema hana kitu. Asikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Abebe maganda ya dawa, vyeti vya zamani na kadi ya hospitali, aombe kipimo mahsusi cha tramadoli au tathmini ya daktari.

Gharama iliyofichika ni nauli na muda. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu, kwa anayekaa mbali ni mzigo kuliko ada ya vituo vingi. Uliza kama wanawapa wagonjwa waliotulia dozi za kubeba nyumbani, na baada ya muda gani.

Jambo la kitabibu ambalo ni la lazima kwetu huku: anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au efavirenzi au nevirapini kwa VVU, methadoni yake huisha mwilini haraka, na anaweza kuamka na arosto ilhali amekunywa dozi. Huyo hadanganyi. Amwambie mfamasia wa kliniki dawa zake zote ili dozi ipandishwe. Na baadhi ya watu methadoni huwaathiri mapigo ya moyo. Aliyewahi kuzimia au mwenye ugonjwa wa moyo apimwe kwanza.

Buprenofini na naltrekisoni

Kama ningeweza kuchagua dawa kwa mtu wa vidonge vya maumivu pasipo kujali upatikanaji, ningechagua buprenofini. Ni kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Nguvu yake ya kupunguza pumzi ina dari, haipandi kupita kiwango fulani, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumuua mtu kuliko methadoni, isipokuwa akiichanganya na pombe au dawa za usingizi. Inapunguza maumivu pia. Haihitaji kituo chenye foleni. Daktari mmoja anayeijua anaweza kuisimamia. Kenya inapatikana katika baadhi ya vituo. Kwa Tanzania methadoni ndiyo iliyoenea, hivyo muulize daktari wa akili moja kwa moja kama ana njia ya kuipata. Sharti lake moja: isianzwe kabla arosto haijaanza kuonekana, yaani saa 12 hadi 24 tangu dozi ya mwisho ya tramadoli au kodeini ya kawaida. Ukiiwahi, inaleta arosto kali ya ghafla, na mgonjwa anakimbia asirudi.

Naltrekisoni ni tofauti kabisa. Si opioidi; inaziba mlango ili opioidi isifanye kazi. Inawapendeza watu wanaotaka kuwa bila dawa yoyote ya jamii hiyo: watumishi wa afya, askari, madereva. Lakini lazima mtu awe amekaa siku 7 hadi 10 bila opioidi kabisa, na wengi hawafiki. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa 2018, zaidi ya robo ya waliopangiwa sindano ya naltrekisoni walishindwa hata kuanza, huku waliopangiwa buprenofini walioshindwa kuanza walikuwa wachache sana. Vidonge vyake vinataka mtu wa kusimamia unywaji kila siku, la sivyo vinaachwa kimya kimya, na akirudi kwenye tramadoli uzoefu wa mwili umekwisha. Kumbuka pia kwamba akipata ajali, dawa za kawaida za maumivu makali hazitamsaidia, kwa hiyo abebe kadi inayosema anatumia nini.

Maombi, dua na tabibu wa jadi sitavidharau. Nimeona msikiti na kanisa vikimshika mtu pale hospitali ilipomwachia. Ila viwe pembeni ya matibabu. Asiambiwe imani yake ni haba kwa sababu anaharisha siku ya pili, na asipewe mitishamba isiyojulikana wakati ini lake limeshachoka.

Na maumivu yenyewe?

Hapa ndipo mgonjwa huyu anapotofautiana na mtu wa unga, na vituo vingi havina jibu. Ukimwondolea tramadoli na kumwachia diski ya mgongo iliyoteleza, umemwachia sababu ya kurudi. Kwa hiyo popote mtakapochagua, ulizeni nani atashughulikia maumivu: mazoezi ya tiba kwa vitendo (fiziotherapia), dawa zisizo za opioidi kama amitriptilini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, daktari wa mifupa kuangalia kama vile vyuma vinahitaji kutolewa. Kituo kinachoandika rufaa ya fiziotherapia siku ya kwanza ningekichagua mbele ya kituo chenye bustani nzuri.

Na wapo wasiostahili kuingizwa kwenye orodha hii kabisa. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji, mgonjwa wa selimundu (sickle cell) anayeomba dawa kali wakati wa mashambulizi. Miili yao imezoea dawa, lakini wanaitumia kwa maumivu ya kweli na kwa maelekezo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na inaniumiza kusikia kijana wa selimundu akiitwa teja mapokezi ya dharura. Kinachotenganisha ni kushindwa kujizuia: kudanganya, kuzunguka famasi tano, kuendelea ingawa kazi na ndoa vinavunjika. Kama hayo hayapo, anayehitajika ni daktari wa maumivu.

Mjamzito asiachishwe ghafla, wala asikimbizwe kuosha mwili, yaani kuondolewa dawa zote mwilini. Arosto inaweza kuhatarisha mimba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unapendekeza methadoni au buprenofini kwa mjamzito mwenye uraibu wa opioidi. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, zinatibika, basi ajifungulie hospitali inayojua hali yake. Kwake soba isiyo na daktari naiondoa kabisa mezani.

Ningempeleka wapi

Baba wa miaka 50, mwajiriwa, tramadoli miligramu 300 kwa siku tangu ajali, mke anaweza kushika dawa: daktari, kupunguza polepole nyumbani, fiziotherapia, miadi kila wiki mbili kwa miezi sita angalau.

Kijana wa miaka 22 anayemeza tramadoli nyingi na diazepamu, ameshaanguka mara mbili: wodini kwanza, pasipo mjadala. Baada ya hapo methadoni ikiwa wanampokea, kisha soba inayoruhusu dawa akihitaji mahali pa kuishi. Ikibidi kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili, nachagua dawa.

Muuguzi wa pethidini: daktari wa akili nje ya hospitali anayofanyia kazi, buprenofini ikipatikana, ama naltrekisoni ikiwa ana mtu wa kumsimamia. Ahamishwe kwenye zamu zisizogusa kabati lile, hata kama atasikitika.

Dada wa kodeini yenye parasetamoli: vipimo vya ini leo, mengine kesho.

Kwa wote, ndugu wajue dalili za kuzidisha: usingizi usioamshika, pumzi chache au za kukoroma, midomo ya bluu au kijivu, mboni ndogo kama ncha ya sindano. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali mbio, sema wazi ametumia opioidi ili wampe naloksoni, dawa ya dharura inayozima nguvu ya opioidi. Kwa tramadoli naloksoni inasaidia pumzi lakini haizuii kifafa, kwa hiyo wataje jina la dawa.

Kutafuta kituo kilicho karibu, Tanzania piga 119, namba ya DCEA; Kenya piga 1192, ya NACADA; zote ni bure. Sema jina la dawa, kiasi kwa siku, na anachochanganya nacho. Uliza kama wanapokea wenye uraibu wa dawa za cheti au wa heroini tu, na ukijibiwa kwamba hawapokei, usikate simu kabla hawajakutajia anayepokea.